Rili Niliyoibadilisha Sauti

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nimekupa asubuhi ukaitikia kwa pua, kwa hiyo hapa naziruka. Habari za nyumbani unazo, maana bado hujaondoka. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga shangazi zako, na nawajua wale, hawatawaachia mpaka mshibe mshindwe kuinuka. Mie nimefunga kibanda mapema, nimekaa ukumbini na lile daftari lako la kemia ulilolitupa, naandika kwenye kurasa ulizobakisha. Usicheke mwandiko. Niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikisoma zaidi nikiwa nje ya dirisha. Lakini nikiamua kuandika naandika, na leo nimeamua.

Sitakwambia ushike pochi yako kwenye basi wala usile vya njiani. Mama yako ameshasema mara kumi na moja. Wala sitakuusia habari za wavulana wa Mwanza. Watu wanaolitazama ziwa wakaliona kubwa kama bahari, utawapima mwenyewe.

Naandika kwa sababu ya juzi. Ulikuwa unapanga nguo, ukaniambia, "Baba, nipe ile rili yako ya zamani. Nitaiweka mezani kwangu chuoni, niwe nakukumbuka." Nikasema hapana. Ukasema, "Mbona huitumii? Inakaa tu kwenye kasha." Nikasema hapana tena, kwa sauti ambayo hata paka alitoka. Tangu hapo unanijibu kama karani wa ofisini: ndiyo, hapana, sawa.

Mama, wewe uliyebeba jina la mama yangu, unajua sikunyimi kitu. Simu nilikupa ya kwangu nikabaki na ile ya tochi. Rili sikukupa kwa sababu si yangu. Haijawahi kuwa yangu hata siku moja. Na kwa kuwa nimeanza, acha niseme na la pili: lile kofi. Ulikuwa na miaka tisa. Maisha yako yote nimekupiga mara moja tu, na nilikupiga kwa ajili ya rili hiyo hiyo. Hukuniuliza kwa nini, nami sikusema. Leo nakwambia yote mawili, maana ni kitu kimoja.

Kwanza nijisifu kidogo, la sivyo utadhani barua imeandikwa na mtu mwingine. Mjini Tanga hakuna anayefungua rili kama baba yako. Wazungu na Wahindi wanaovua kwa fimbo wananijua. Rili, kwa wale ambao hawakubahatika kuzaliwa na fundi, ni lile gurudumu la kukunjia mshipi. Ndani yake mna kijino, na kijino kinasukumwa na kamani, kile kiutepe cha chuma kinachojirudi. Mshipi ukivutwa, kijino kinagonga meno ya gurudumu na rili inalia. Hapo hata kama mvuvi amesinzia anajua samaki ameuma. Nipe rili yoyote, nifumbe macho, nizungushe mara mbili, nitakwambia imetoka nchi gani. Ndivyo nilivyokuwa nikisema. Nilisema sana. Nilikuzaa bado nina chunusi usoni, na nilipofika miaka ishirini na minane nilikuwa na kibanda, mke, mtoto anayesoma, na mdomo. Mdomo ndio uliokuwa mkubwa kuliko vyote.

Mwaka huo alikuja mzee mmoja kutoka Mwera, huko Pangani. Mzee Kombo, mkulima wa minazi. Alivaa kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama karatasi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza, akafungua kitambaa. Ndani mna rili nyeusi tii, ya mbao na shaba, imeota kutu ya kijani kama ukuta wa kisima.

"Mwanangu, wewe ndiye unayezijua hizi?"

"Mzee, hizi zenyewe ndizo zinazonijua mimi."

Hakucheka. Akanieleza. Alipokuwa kijana, maji yalimleta mtu ufukweni upande wao. Hana shati, hana uso. Samaki walikuwa wameshamaliza kazi. Kiunoni amejifunga kamba, na kwenye kamba kikapu, na ndani ya kikapu rili hii. Hawakumjua. Wanakijiji wakamkosha kadiri alivyokosheka, wakamsalia, wakamzika. Rili aliichukua baba yake Kombo, akasema hii ni amana, mwenyewe au watu wake watakuja. Hawakuja. Baba mtu alipokata roho aliisema rili kabla hajasema shamba. Kombo naye akakaa nayo mpaka akazeeka.

"Sasa naona siku zangu zinakatika," akaniambia. "Sitaki kwenda na amana ya watu mkononi. Ukinijulisha aliyeitengeneza, nitajua alimtengenezea nani. Nikijua alimtengenezea nani, yule maiti atapata jina. Ni hilo tu, mwanangu."

Ni hilo tu. Mama, ningekuwa na akili hata ya kuku ningeiweka mezani, nikaitazama siku tatu bila kuigusa. Lakini mimi niliona kitu kichafu, na fundi akiona kitu kichafu mkono unamwasha. Nikamwambia aiache, arudi wiki ijayo.

Nikakata ndimu, nikachukua majivu, nikasugua ile shaba kama bibi yako alivyokuwa akisugua sinia za Idi. Palipogoma nikapiga msasa. Chini ya mguu wa rili, pale inapofungwa kwenye fimbo, palikuwa na mikwaruzo miwili iliyokutana. Nikasema hii ni michubuko. Nikaisawazisha kwa msasa ikawa laini kama shavu. Nikafungua skrubu nne. Pembeni ya kila tundu palikuwa na vidoti: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Sikujiuliza vimewekwa vya nini, nikazichanganya skrubu zote, na ziliponikatalia kurudi nikazilazimisha. Kamani ilikuwa imeshika kutu na imekakamaa, nikaichomoa, nikatia mpya niliyoikata kutoka kwenye rili ya kisasa. Ile ya zamani nikaitupia kwenye kopo la vikorokoro. Sikuwahi kutupa chuma, hilo ndilo jambo moja la maana nililolifanya wiki nzima.

Ikatoka inang'aa! Watu wanapita kibandani wanasimama. Nikaizungusha wasikie: tik tik tik tik, laini kama saa ya mkononi. Nikapigiwa makofi. Na wewe ulikuwepo, umetoka shule, ulipiga makofi pia.

Mzee Kombo aliporudi aliitazama akaguna. "Umeifanya mpya," akasema. Hakusema asante, nikamwona hana shukrani. Nikamwambia, "Mzee, hii kazi ya Uingereza. Zilikuja mamia kwa mamia enzi za mashamba ya katani. Kumtafuta mwenye hii ni sawa na kumtafuta mwenye kobasi msikitini siku ya Ijumaa." Ushahidi wangu ulikuwa nini? Mzungu mmoja aliwahi kuniachia kitabu cha picha za rili, na mojawapo ilikuwa ya mbao na shaba. Maandishi ya chini sikuyasoma, Kiingereza chenyewe kilikuwa kidogo kidogo kama mchanga. Niliona picha, nikatoa hukumu.

Lakini mzee yule hakuwa wa kufukuzwa kirahisi. Akauliza, "Hapa mjini hakuna nyumba iliyopotelewa na mtu baharini zamani hizo?"

Nyumba hiyo mtoto yeyote wa Chumbageni anaijua, na mimi nimekulia pale. Ni kwa kina Bi Zuwena, wale Waarabu wa nyumba yenye mlango wa misumari. Kaka yake, Salimu, alitoka alfajiri na kikapu chake, hakusema anaelekea wapi, na hakurudi. Maneno ya mtaani yakamaliza kazi. Wakasema ametorokea Mombasa kwa mwanamke, na aliyekuwa amchumbie akaolewa na mwingine kwa aibu. Mama yao hakukubali kuweka matanga. Alikuwa anasema mwanangu yu hai, na kila Ramadhani anamwekea bakuli lake la uji mkekani. Alipokufa, Bi Zuwena akaendelea na bakuli.

Nikampeleka Mzee Kombo mwenyewe. Nilikwenda kwa maringo, rili mkononi inamulika. Bi Zuwena alikuwa kwenye baraza na wajukuu na majirani wawili watatu. Macho yake wakati ule yalikuwa na mtoto wa jicho, anakuona kama moshi. Mzee Kombo akaeleza kila kitu, taratibu, mpaka kikapu na kamba. Nikamnyooshea Bi Zuwena rili, akakataa kwa mkono.

"Nisiishike. Nitaona nini mimi? Izungushe niisikie."

Nikazungusha. Tik tik tik tik.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Siyo. Ya Salimu ilikuwa na mlio wa kukwaruza, kama saa ya ukutani inapotiwa ufunguo. Alikuwa akiizungusha hapa hapa mchana, mama anamgombeza, anatuamshia watoto." Akanigeuzia uso. "Ewe kijana, umebadilisha kitu humu ndani?"

Mwanaisha, nilikuwa na pumzi moja tu ya kujibu. Kopo la vikorokoro lilikuwa kibandani, dakika kumi kwa baiskeli. Lakini wale majirani walikuwa wananitazama, na dakika tano nyuma nilikuwa nimewaambia kwamba rili nimeisafisha bila kuigusa roho yake. Maneno yangu hayo, roho yake. Nikasema:

"Hata skrubu moja, Bi mkubwa."

"Basi siyo," akasema. "Alhamdulillahi. Huenda bado yu hai." Akafuta macho kwa ncha ya buibui, akaagiza kahawa iletwe. Nikanywa. Nilikunywa vikombe viwili.

Nikamsindikiza Mzee Kombo mpaka kituo cha magari ya Pangani. Hapo akanipa kile kitambaa na rili ndani. "Mie sitaweza kuja tena mjini. Sasa amana iko kwako, wewe unayejua." Nikaipokea. Sikumwuliza hata yule maiti kalala upande gani wa makaburi. Niliuliza nini? Niliuliza kama ana nazi za kuuza.

Niliitundika kibandani juu ya meza. Siku ya nne, mchana, hakuna upepo, nimeinamia kazi, nikasikia mkwaruzo. Krrr. Kama saa ya ukutani inatiwa ufunguo. Nikainua kichwa: rili imetulia. Nikasema panya. Kesho yake tena, saa ile ile ya jua kali, watu wamelala. Krrr. Nikaishusha nikaifungua: kamani yangu mpya imekaa mahali pake, na kamani hiyo haiwezi kutoa mlio ule hata uitukane. Ile ya zamani imo koponi, chini ya misumari, haigusani na kitu. Nikalihamisha kopo. Nikaihamishia rili nyumbani, nikaifungia kwenye kasha la mama yako. Nikapumua wiki mbili.

Ndipo ukaifukua wewe. Nilirudi kula nikakukuta mlangoni, umeipakata mapajani kama mtoto wa bandia, unazungusha na kuiimbia. Na mimi, wallahi mwanangu, sikusikia tik tik. Nilisikia ule mwingine, mzima mzima, unatoka mikononi mwako. Nikakupiga kabla sijajua nimeinua mkono. Ulinitazama, hukulia papo hapo, ulisubiri kidogo kama mtu anayengoja aambiwe ni mzaha. Jioni nilikuletea kashata, ukaipokea ukasema asante baba. Asante yako ile iliniuma kuliko kama ungenitupia usoni.

Mama yako alitaka tumwite mtu wa kusoma nyumba. Nikamwambia hakuna jini hapa. Nilijua vizuri ni nani aliyekuwemo ndani, ni mimi mwenyewe na lile jibu langu. Lakini kujua hakukuzima mlio. Miaka kumi, Mwanaisha. Mchana mtulivu nawasha redio kwa nguvu, majirani wanasema fundi anapenda taarabu. Mimi taarabu siipendi hivyo. Umeshawahi kuniona nalala mchana? Huwezi kuniona.

Sasa sikiliza la mwezi uliopita. Mtu mmoja wa mtaa wa Mabawa alikuwa anabomoa nyumba ya babu yake, akaniletea boksi. Babu mwenyewe aliitwa Fundi Abedi, fundi wa saa, amekufa zamani. "Fundi, angalia humu kama kuna cha kukufaa," akasema. Chini ya boksi, katikati ya mashine za saa zilizooza, ikatoka rili ya mbao na shaba. Haijamaliziwa, haina mpini.

Safari hii sikuisugua. Niliifungua kama anayemvua mtoto nguo akiwa amelala. Skrubu nne. Pembeni ya kila tundu vidoti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, na kwenye kila skrubu vidoti vyake vya kulingana. Maana yake mtu alizichonga moja moja kwa mkono, kila moja inaingia kwenye tundu lake tu. Kiwandani hawafanyi hivyo, fundi wa saa ndiye anayefanya hivyo. Kamani imekatwa kutoka kwenye saa ya ukutani. Na chini ya mguu, mishale miwili ya saa imechorwa kwa ncha kali, inakutana chini. Ile ile niliyoiita michubuko.

Nikamwuliza yule bwana kama anajua lolote. Akasema, "Babu alitengeneza mbili tu maisha yake yote. Ya kwanza alimpa rafiki yake, Mwarabu mmoja wa Chumbageni, akapotea nayo. Hii ya pili ilikuwa yake mwenyewe, wawe wanakwenda kuvua wote. Hakuimalizia. Bibi anasema alikuwa anaitoa, anaitazama, anairudisha."

Nilikwenda nyumbani nikafungua kasha. Chini ya mguu wa rili yangu, yaani ya Salimu, nikaigeuza kwenye jua mpaka nikaona kijincha kimoja cha mshale ambacho msasa ulikisahau. Nikalimwaga kopo. Kamani ya zamani bado ipo. Nikailinganisha na ile ya boksi: upana ule ule, tundu lile lile, mkato wa koleo lile lile. Nilikaa sakafuni nikacheka, mama yako akadhani nimepata habari njema.

Unadhani nilikwenda Chumbageni siku hiyo? Sikwenda. Wiki nne nzima sikwenda. Nilijiambia bibi wa watu ameshazoea, ana amani yake, ya nini kumtonesha. Niliona nimekuwa mtu wa huruma ghafla. Kisha juzi ukasema nipe ile rili nikukumbuke kwayo. Nikaona mwanangu anabeba kitu cha maiti mpaka Mwanza, anakiweka mezani, anawaambia wenzake hii ya baba yangu.

Leo asubuhi, wewe umekwenda sokoni, nimeirudishia kamani yake. Nimezipanga skrubu kwa vidoti vyake, zikaingia zenyewe bila nguvu. Nimeizungusha mara moja. Krrr. Basi ni huo, Mwanaisha. Nilikuwa naujua mlio huo kwa miaka kumi na leo ndiyo mara ya kwanza kuusikia kwa masikio.

Nikaichukua nikaenda nayo Chumbageni. Bi Zuwena yuko pale pale barazani. "Shikamoo, Bi mkubwa." Ananitazama usoni, macho makali. Mjukuu wake mmoja, Rukia, akaniambia, "Mwongeleshe kwa nguvu. Macho walimsafisha hospitali, sasa masikio ndiyo yamekwenda."

Nikaikumbatia rili nikataka kurudi. Nimechelewa mpaka sikio lenyewe limefunga. Lakini bibi alikwishaiona. "Nini hicho?"

"Ni rili ya Salimu!"

"Ati?"

"Ni rili! Ya Salimu!"

"Sema kwa nguvu, wewe si mwanamume? Sikusikii!"

Sasa mfikirie baba yako. Mtaa niliokulia, saa nne asubuhi, wauza samaki wanapita, mabaraza yamejaa, na mimi nimesimama napiga kelele kama mwadhini: "NILIBADILISHA KAMANI! ULINIULIZA NIKASEMA UONGO! NI YAKE!" Mtu wa kahawa akasimamisha vikombe. Wanawake wakatoka madirishani. Ile aibu niliyoikwepa mbele ya majirani watatu niliilipa mbele ya mtaa mzima, na nilipodhani nimemaliza, bibi akasema, "Rudia." Nikarudia.

Kisha akanyoosha mkono. Nikamwekea rili magotini, akafunika ubavu wake wa shaba kwa kiganja, akaniashiria nizungushe. Nikazungusha polepole. Hakusikia, lakini ule mkwaruzo unapanda mkononi, ukiishika unaujua. Niliona vidole vyake vinaujua. Alifumba macho. "Tena," akasema. Nikazungusha tena. Tulikaa hivyo sijui muda gani, nazungusha, amefumba.

Alipofumbua hakulia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miaka yote hii namwombea arudi. Kila sala. Kumbe nilitakiwa nimwombee rehema." Akanitazama. "Ile miaka ya mwanzo nailaumu bahari. Hii kumi ni yako."

Nikasema ndiyo.

Akauliza, "Yule mzee wa Mwera yuko wapi anionyeshe kaburi?" Nikampigia kelele kwamba Mzee Kombo amefariki, mwaka wa nne huu. "Watoto wake wanalijua?" Nilishawapigia simu kabla sijatoka nyumbani. Wanajua ni makaburi yale ya karibu na ufuko, yako mengi yasiyo na alama, na baba yao hakuwahi kuwaonyesha. Lipi, hawajui. Mtu pekee aliyejua alikaa kwenye ndoo yangu mbele yangu, na nilimwuliza habari za nazi.

Mwanaisha, ukishahitimu huo upimaji wa magonjwa unaokwenda kuusomea, watu watakuletea vichupa vyao vya damu maabara na watasimama nje ya dirisha wakikutazama mdomo. Sina la kukufundisha kuhusu vichupa. Najua tu wanavyosimama. Mzee Kombo alinitazama hivyo, nami nikaona nina watazamaji.

Kuhusu lile kofi, nisamehe. Una haki ya kunisamehe polepole.

Rili nimeiacha Chumbageni. Kesho nikishakusindikiza kituoni nitampitia Bi Zuwena, Rukia ameshapata gari, tunakwenda Mwera. Nilimwambia bibi, njia mbaya, jua kali, na kaburi hatutalijua, akae nyumbani tumsomee khitma hapa hapa. Akaniita karibu na sikio lake ili asikie vizuri nitakachojibu.

"Utanishika mkono," akasema. "Tutasimama kwenye kila kaburi lisilo na jina. Kwenye kila moja nitakuuliza, ndiye huyu? Na kwenye kila moja utanijibu kweli."

Kwa hiyo kesho, wakati basi lako linaikata Korogwe na wewe unaanza kusinzia, mimi nitakuwa nimesimama juani na kizee kimenishika mkono, nimetoka kaburi hili nakwenda lile, napiga kelele kwa sauti yangu yote: sijui, Bi mkubwa. Hapa pia sijui.

Baba yako,
Fundi Mbwana